Samaki wa bokali akigonjwa: angalia maji mbele ya kufungua tetra



Kwetu huku Bukavu, mutu akisoma biolojia, jamaa yote inamuona ni munganga wa kila kitu kinachopumua. Mbuzi akikohoa, wanakuita. Kuku wa jirani wakianza kusinzia, wanakuita. Tangu miaka miwili mitatu hivi, mimi naitwa zaidi sababu ya samaki. Si samaki wa kula, hapana. Samaki wa bokali, wale wadogo wenye mapezi marefu kama kikwembe kilichoanikwa mu upepo, wengine buluu, wengine wekundu, wengine weupe. Kwa Kifaransa wanamuita kombatan (musifikirie wale wa Bruxelles), lakini wengi tunasema beta tu. Wanafunzi wanamupenda juu hachukui nafasi, hapigi kelele, na mwenye nyumba hawezi kulalamika.

Ujumbe unaofika ku telefone ni karibu ule ule kila mara: "Yaya, samaki yangu haiko nakula tena, iko nalala chini tu. Nimutilie tetra?"

Jibu langu ni: hapana, ngoja kwanza. Naandika haya kwa kueleza kwa nini ungoje, na mikono yako ifanye nini katika kungoja kule. Maana kungoja bila kufanya kitu, nako kunaua.

Beta kwao ni Thailandi. Jina la sayansi ni Betta splendens, alipewa na mutaalamu Muingereza, Charles Tate Regan, mu mwaka 1910. Anaishi mu mashamba ya mupunga, mu mifereji na mabwawa yenye majani mengi, maji yasiyotembea sana na yenye uvuguvugu. Watu wa Thailandi wanamuheshimu sana: mu mwaka 2019 serikali yao ilimutangaza kuwa munyama wa maji wa taifa.

Mu kichwa chake, juu ya mashavu, ana kiungo chenye mikunjo mingi kinachoitwa labirinti. Kwa kiungo hicho anachukua hewa moja kwa moja: anapanda juu, anameza povu la hewa, anashuka. Njo maana ukijaza bokali mpaka kwenye mufuniko na kufunga kabisa, anaweza kufa kwa kukosa hewa hata kama yuko ndani ya maji. Na hayuko peke yake. Mu bonde la mto Congo tuko na ndugu zake, samaki wa aina ya Ctenopoma na Microctenopoma, wenye labirinti vilevile. Kambale naye, yule munayemuona sokoni mu beseni yenye maji ya vidole viwili, tangu asubuhi, na bado anapiga mukia mama muuzaji akimugusa, ana kiungo chake cha kupumulia hewa, ingawa kimejengwa kwa namna ingine.

Sasa hapa njo watu wanapotea. Mutu anaona kambale anaishi mu beseni, anasema kambale anapenda beseni. Anaona beta hakufa mu kikombe cha muuzaji, anasema beta anapenda kikombe. Lakini kambale wa beseni anakawia kufa tu, haiko kuishi kule. Labirinti inamuokoa samaki na ukosefu wa oksijeni. Haimuokoi na uchafu wake mwenyewe, na haimuokoi na baridi. Mu magonjwa niliyoitiwa, mengi yalianzia ku mambo haya mawili.

Tuchukue uchafu. Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu, na mabaki ya chakula yakioza yanaongeza ingine. Mu maji mengi yenye chujio, kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Mu bokali ya lita 2 ao 3 bakteria wale hawana mahali pa kukaa, na kila Jumapili unapomwaga maji yote na kusugua bokali na sabuni, wale wachache waliokuwa wameanza wanakwenda nayo. Kwa hiyo amonia inapanda Jumatatu mpaka Jumamosi, kisha inashuka kwa gafula, kisha inapanda tena. Samaki anaishi kama mutu ambaye wanamufungia mu jiko lenye moshi siku sita, siku ya saba wanamutoa inje.

Kwa wenzangu wa kemia: munajua kama amonia iko na sura mbili mu maji, NH3 na NH4+. Ile inayoua ni NH3. Maji yakiwa na pH 7 na joto la digrii 25, NH3 haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9, inapita asilimia 30. Na maji ya ziwa letu Kivu, juu-juu, pH yake inakaribia 9. Kwa hiyo yule anayekwenda kuchota maji ya ziwa na bido akisema "haya ni maji ya asili, samaki atafurahi", anamutayarishia beta sumu. Sambaza wamezoea maji yale. Beta anataka pH kati ya 6.5 na 7.5 hivi.

Maji ya robine nayo yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, na inachoma mashavu ya samaki. Hii ni rahisi: jaza ndoo pana, iache wazi masaa 24, afazali siku mbili, klorini itatoka yenyewe mu hewa. Mahali wanapotumia kloramini kulaza maji hakutoshi, inabidi tiosulfate ya sodiamu, ile dawa ya kuondoa klorini wanayouza na vitu vya akwariumu.

Baridi njo jambo watu wa hapa hawaamini. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Wastani wa joto ni digrii 19 ao 20, na mu kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, usiku unashuka chini zaidi. Maji ya bokali yanafuata hewa ya chumba. Beta anataka digrii 24 mpaka 28. Samaki hana namna ya kutengeneza joto lake. Damu yake inafuata maji. Maji yakiwa digrii 18, tumbo lake linafanya kazi polepole, chakula kinakaa bila kusagika, na askari wa mwili wake wanalala. Bakteria ambao kila siku wako mu maji na hawamufanyi kitu, siku ile wanapata mulango wazi. Mwenzako wa Uvira, Kalemie ao Kisangani anaweza kulea beta bila kupasha maji na asijue hata kama kuna shida. Wa Bukavu, Butembo ao wa Lubumbashi mu mwezi wa saba, hapana.

Nitoe mufano mumoja wa kweli, ili hesabu ionekane. Mwaka uliopita, mu kiangazi, mwanafunzi mumoja wa mwaka wa pili aliniomba nipite kwake. Samaki haikuwa yake. Ilikuwa ya mudogo wake aliyekwenda kusomea Kampala, akamuachia akisema atamukuta akirudi likizo. Na yeye mwenyewe alikuwa katikati ya mitihani. Nikamukuta dada wa watu amekaa na syllabus ku magoti, macho ku bokali. Samaki alikuwa amelala ku mawe, mapezi yamefungwa kama mwavuli, pembe ya mukia imelika, mustari mweusi ukingoni. Kapsuli ya tetra ilikuwa tayari ku meza.

"Yaya, niliuliza ku farmasi, walisema nusu inatosha."

Niliomba termometa. Akaleta ile ya homa. Sasa hii muijue: termometa ya homa haifai, inaanza kuhesabu juu ya digrii 30 na kitu, kwa maji ya baridi inakuonyesha herufi tu. Inabidi ile ya maabara ao ya akwariumu. Yangu ilisoma digrii 18. Bokali lita 3, ku dirisha, maji yanabadilishwa yote kila Jumapili, yakitoka robine moja kwa moja. Chakula: makombo ya mukate. Beta ni mula-nyama. Mukate unamujaza tumbo na unaoza mu maji.

Dawa ya kwanza ilikuwa sanduku ya plastiki ya lita 20, ile ya kuwekea nguo, tuliiosha na maji bila sabuni, tukatia lita 15 za maji yaliyolala. Maji yale tuliyaacha kwanza yafikie joto moja na ya bokali, kisha tukamuhamisha samaki na kikombe, si na mukono. Maji mengi yanapunguza sumu, na yanapoa polepole kuliko machache. Kwa hiyo tulipata faida mbili kwa sanduku moja.

Joto lilikuwa kazi kubwa zaidi, maana umeme unakuja na kukatika wakati unaotaka. Watu wengine wanatumbukiza rezistansi ile ya kuchemsha chai. Musifanye hivyo, inapika samaki na inaweza kumupiga mutu umeme. Sisi tulitumia chupa. Lakini fanya hesabu kwanza: ukitia chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya digrii 70 ndani ya lita 15 za digrii 18, maji yatapanda karibu digrii 5 kwa mara moja. Ni pigo kwa samaki mugonjwa. Chupa ya nusu lita, kwa hesabu ile ile, haipandishi hata digrii 2. Kwa hiyo tulitia chupa ndogo, imefungwa vizuri, inaelea, tukabadilisha kila saa moja na nusu, tukafika digrii 26 usiku. Sanduku tuliiweka ndani ya katoni yenye frigoliti pande zote, na blanketi juu, tukiacha upenyo wa hewa. Ukifunika vile, usiku muzima maji yanapoteza digrii chache tu. Asubuhi chupa ingine, jioni chupa ingine. Kama umeme uko wa kuaminika kwako, kifaa cha kupasha cha wati 25 kinatosha lita 20, na unasahau chupa.

Chumvi: gramu 1 kwa lita 1. Kwa lita 15 ni gramu 15, vijiko vitatu vya chai visivyo na kilima. Tuliyeyusha pembeni, tukatia nusu leo, nusu kesho. Watu wanaogopa chumvi yetu sababu ina iyodi. Kwa kipimo hiki iyodi ni kidogo mno, haina shida. Lakini angalia jambo moja ambalo hata wasomi wanakosea. Chumvi haipandi na mvuke. Ukitoa lita 4 za maji machafu na kurudisha lita 4 mupya, unaongeza gramu 4 tu, si 15. Yule anayetia 15 kila siku, siku ya tano yuko anapika mchuzi. Na chumvi ni ya siku 7 mpaka 10, kisha unaiondoa polepole kwa kubadilisha maji. Si ya kukaa nayo maisha yote.

Kila asubuhi alitoa lita 4, akarudisha lita 4 zilizolala na zenye joto moja. Dakika kumi, kisha anarudi ku syllabus. Siku mbili za kwanza hatukumupa samaki chakula, na kwa samaki mukubwa hii haina hatari yoyote. Kisha tulimupa viluwiluwi vya mbu.

Ndiyo, viluwiluwi. Hiki njo chakula chake cha kweli kule kwao, na hapa kwetu havikosi. Lakini mambo mawili. Usivichukue mu mufereji wa uchafu, chukua mu chombo cha maji ya mvua, uvichuje na kitambaa, uvioshe. Na usiache chombo kile kikae: baada ya siku chache vinakuwa mbu, na wewe unayetibu samaki utaangusha nyumba muzima na malaria. Unavua unavyohitaji leo, vingine unamwaga ku udongo mukavu. Asiyetaka kazi hiyo, anaweza kukata kipande kidogo sana cha sambaza mubichi asiye na chumvi, ukubwa wa jicho la samaki mwenyewe, na kutoa mabaki kisha dakika chache.

Siku ya tano alikula kiluwiluwi kimoja akatema cha pili. Siku ya tisa mapezi yalifunguka. Wiki ya tatu, ku ukingo wa mukia kulionekana ngozi nyembamba isiyo na rangi, kama nailoni. Watu wanaona ile wanaogopa, wanasema ugonjwa unarudi. Hapana, ni pezi jipya linaota. Rangi inakuja nyuma. Tetra haikufunguliwa.

Nirudi basi ku tetra, maana najua wengine bado wanasema "lakini ya jirani ilipona na tetra". Inawezekana. Mara nyingi jirani yule alibadilisha na maji siku ile ile, na sifa ikaenda kwa kapsuli. Tetrasiklini inashikana na kalisiamu na manyezi mu maji mazito, ikishikana haifanyi kazi vizuri. Mwangaza nao unaivunja. Kwa hiyo kipimo cha "nusu kapsuli" mu bokali ya ku dirisha, hakuna anayejua samaki amepata kiasi gani. Anaweza kupata kidogo ambacho hakiui bakteria, kinawafundisha tu. Bakteria waliofundishwa wanamwagwa ku kanivo, na kanivo zetu zinashuka wapi, munajua. Dawa ile ile watoto wa watu wanaihitaji. Wengi wetu tunasoma udaktari, farmasia, kilimo. Tunaandika kazi za mwisho juu ya dawa zilizochoka, kisha jioni tunatia nusu kapsuli ku bokali.

Kuna wakati antibiotiki inafaa, sisemi hapana. Kama umeona utando mweupe kama pamba ku mudomo, ao alama ya kijivu mugongoni kama tandiko la punda, na inapanuka kutoka asubuhi mpaka jioni, hiyo inaweza kuwa kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria Flavobacterium columnare. Unaua haraka, pengine siku moja mbili. Na hapa ile habari ya kupasha maji inageuka: joto kubwa linaukimbiza ugonjwa huu mbele. Unashusha mpaka digrii 24 hivi, unamutenga samaki, na unatafuta munganga wa mifugo akupe dawa na kipimo cha siku zote, si nusu kapsuli ya kubahatisha. Watu wanachanganya pamba hii na ukungu, na wanachanganya vyote viwili na madoa meupe, kisha wanatia dawa zote tatu. Njo maana nasema angalia mbele ya kutia.

Madoa meupe, yale yanayofanana na punje za chumvi mwili muzima, ni kitu kingine kabisa. Ni kimelea chenye seli moja, Ichthyophthirius multifiliis. Maisha yake yanaeleza matibabu yote, kwa hiyo mufuate vizuri. Punje unayoona iko chini ya ngozi ya samaki, inakula. Pale hakuna dawa ya maji inayoifikia. Ikishiba inaanguka, inajifunga mu kifuko ku mawe, inajigawanya kuwa mamia ya vitoto. Vitoto vinatoka, vinaogelea kutafuta samaki, na visipopata mu siku moja mbili vinakufa. Ni vitoto hivi tu, wakati vinaogelea, ambavyo chumvi na dawa zinaua. Sasa mutu anatia dawa siku tatu, punje zinaanguka, anafurahi, anaacha. Kumbe punje zilianguka sababu zilishiba! Wiki inayofuata zinarudi mara kumi. Joto hapa linasaidia, maana linafupisha muzunguko wote: mu maji ya baridi unaweza kuchukua wiki nyingi, mu digrii 28 siku chache tu. Pandisha polepole mpaka 28 ao 29, chumvi gramu 2 kwa lita, nyonya uchafu wa chini kila siku, na usiache mpaka zipite siku 10 tangu punje ya mwisho kuonekana.

Kama ni vumbi la rangi ya zahabu, unaloliona tu ukimulika tochi kwa pembeni gizani, ni kimelea kingine, wanakiita veluri. Kinatumia mwangaza kama mumea, kwa hiyo funika chombo na kitambaa cheusi pamoja na chumvi na joto. Samaki aliyevimba tumbo lakini anakula na magamba yamelala vizuri, mara nyingi amekula sana: mufungishe siku mbili tatu. Watu wanashauri njegere. Beta hali majani, tumbo lake halikufanyika kwa njegere. Njaa kidogo inafanya kazi vizuri zaidi.

Kisha kuna ile ambayo sipendi kuitiwa. Mwili umevimba na magamba yamesimama, ukimuangalia kutoka juu anafanana na kakakuona. Maana yake figo zimeshindwa kutoa maji mwilini. Si ugonjwa mumoja, ni mwisho wa magonjwa mengi, na wanaopona ni wachache sana. Rafiki yangu mumoja, fundi wa radio, alikuwa na beta wa miaka mitatu aliyefika pale. Beta anaishi miaka miwili mpaka minne, kwa hiyo huyu alikuwa muzee. Rafiki alitaka nimwambie kuna sindano. Nilimwambia ukweli, akanyamaza, kisha akauliza kama samaki anaumia. Samaki wana mishipa ya kusikia maumivu, hilo limepimwa. Anavyoyasikia ndani, wataalamu bado wanabishana. Tulikubaliana tusimuache agaagae siku nne.

Njia yenye huruma ni mafuta ya karafuu. Ndani yake mna eujenoli, ile ile wanganga wa meno wanatumia, na inamulaza samaki kabisa. Unatikisa nusu mililita mu chupa yenye maji kidogo ya vuguvugu mpaka iwe nyeupe kama maziwa, unaimimina polepole mu lita moja ya maji ambamo samaki yumo. Kwanza analegea, kisha analala, kisha mashavu yanasimama. Yakiisha kusimama ungoje dakika 10 zingine kamili, usiharakishe. Kumutupa ku choo akiwa hai, ao kumutia mu friji agande, ni mateso, hata kama wengi wanafanya.

Najua kuna wasomaji wanaosema: muji huu na shida zake zote, watu wanakosa bei ya paracetamol, na nyinyi muko munapasha chupa sababu ya samaki? Nimesikia swali hili mbele ya watu, kwa sauti ya kucheka, na yule mwanafunzi niliyemutaja aliambiwa vile na wenzake wa chumba. Sina jibu kubwa. Gharama ya matibabu yake yote ilikuwa chumvi, makaa ya kuchemsha maji ambayo tayari yalikuwa yanawashwa, na sanduku ambayo leo ina nguo. Hakuna mugonjwa wa hospitali aliyenyimwa kitu. Na kiumbe kile hakikuomba kuletwa kutoka mashamba ya mupunga mpaka Bukavu; mwenye kukifunga mu kioo amechukua kazi ya mvua, ya jua na ya mto kwa pamoja. Anayeona kazi ni kubwa asinunue, na hilo nalo ni jibu la heshima.

Ila kuna njia moja ya kujitoa ambayo naomba musiitumie: kumupeleka ziwani. "Nimemurudishia uhuru." Nimeisikia mara mbili mwaka huu. Sambaza wenyewe hawakuwa mu Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ziwa halikubaki vile lilikuwa. Wale waliletwa kwa kusudi, na leo wanatulisha. Beta mugonjwa analeta vimelea na bakteria tusiowajua, wengine pengine wamezoea tetra, ndani ya maji ambamo wavuvi wetu wanategemea kila usiku. Kama umechoka naye, mutafutie mutu. Akifa, muzike mu udongo mbali na kisima.

Na mikono: nawa na sabuni mbele na nyuma, usitumbukize mukono wenye kidonda. Kuna bakteria wa samaki, Mycobacterium marinum, ndugu ya yule wa kifua kikuu, anayeingia kwa mikwaruzo na kuacha vidonda vya ngozi visivyopona haraka. Usinyonye maji kwa mudomo ukivuta na mupira.

Chombo cha samaki aliyekufa kioshwe na javeli iliyochanganywa na maji, kisuuzwe mara nyingi, kikauke ku jua siku mbili tatu mbele ya kuwekwa samaki mwingine. Samaki mupya akae peke yake wiki mbili mbele ya kukutana na wenzake. Bokali ile ya lita 3 nayo usiitupe: ni nzuri sana kwa kulaza maji ya robine.